Ulipomwinamia Mjukuu Wako

Mpendwa Yeyo, mama wa mume wangu,

Naisiae ndiye atakayekusomea barua hii, na nimemwomba aisome nje, watu wote wa boma wakiwepo, hata wale watoto wa jirani wanaopenda kuchungulia. Naisiae, nakujua wifi yangu, usiruke mahali kwa kunionea huruma. Nimeandika barua ya wazi kwa sababu aibu niliyokupa ilikuwa ya wazi. Nikija kukunong'oneza pole jikoni, nitakuwa nimejihurumia mimi, si wewe.

Naandika juu ya siku ile ya Rombo, mwezi uliopita, ulipomwinamia mtoto wangu. Tangu hapo sijatulia. Nasahihisha vitabu vya wanafunzi wangu na kukuta nimeweka alama ya kosa penye jibu sahihi, halafu mtoto ananiletea kitabu akinitazama kwa mashaka, na ana haki. Lakini siwezi kuanzia Rombo, maana jambo hili halikuanzia huko.

Nakumbuka nilivyofika kwako mara ya kwanza, kule ng'ambo ya mji wa Kajiado, kabla ukame haujamaliza ng'ombe na wewe kuhamia kwa binti yako Naisiae huko Rombo. Mwanao Parsaloi alikuwa amenifundisha mengi njiani. Nisihesabu ng'ombe kwa kidole, nisikatae maziwa hata yakinukia moshi wa kibuyu. La muhimu akasahau. Watoto wa boma walitoka mbio, wakajipanga mbele yetu, kila mmoja ameinamisha kichwa. Nikadhani kuna kitu kimeanguka wanakitafuta. Parsaloi akapita akiwagusa utosini mmoja mmoja, anasema neno lake, wanaitikia, kisha wanatawanyika kucheza. Waliponijia mimi, niliwatafuta mikono nikawatikisa kama tunavyosalimiana kwetu Vihiga, ambako salamu isipofika begani bado si salamu.

Watoto walicheka, na wewe ukacheka kuwashinda. Nilipokunyoshea mkono uliupokea kwa mikono yako miwili, ukamwambia mwanao, "Huyu ametoka kwa watu wa mkono. Wacha, atajua pole pole."

Sikujua, Yeyo. Wake wa wanao wengine wanakuinamia kila wakifika, wanakupa utosi, unawagusa, mambo yanaendelea. Mimi miaka yote hii nimebaki mtu wa mkono. Na hukuwahi kunisema kwa hilo, wala mbele yangu wala nyuma yangu. Hilo la nyuma nimelithibitisha kwa Naisiae, ambaye hana kifua cha siri.

Mwanangu Nashipae alipokuwa na miaka mitatu tulikuachia likizo nzima. Alirudi nyumbani Kitengela akiwa ameiva vumbi, anaongea Kimaa, anakuita Koko kama wajukuu wako wengine, na ana tabia mpya. Kila akikutana na mtu mzima anasimama mbele yake, anainamisha kichwa, anangoja. Alimfanyia hivyo mlinzi wa geti letu, dereva wa lori la maji, mama wa duka na yule wa bucha. Kitengela tumetoka kila pembe ya nchi, na hakuna aliyejua la kufanya na kichwa cha mtoto. Mama wa duka alimpa peremende. Mlinzi alimwinua kidevu kuangalia kama analia. Mzee mmoja tu wa kuuza maziwa ndiye aliyetua madebe yake, akamwekea kiganja na kumwambia "Takwenya," na mtoto wangu akajibu "Iko" kwa sauti ya mtu aliyepata alichokuwa anatafuta siku nzima.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kumsimulia akikua. Lakini majirani wa ploti walianza kuniuliza, "Mwalimu, huyu mtoto wako anaogopa watu?" Nikaona haya. Na Jumapili hiyo mchungaji wetu akahubiri kwamba magoti na vichwa vyetu ni vya Mungu pekee, tusimpe mwingine. Nilirudi nyumbani nikamketisha mwanangu juu ya stuli. Nikamwambia, "Nashi, sisi tunainamia Mungu peke yake. Watu tunawasalimia na mkono, na tunawaangalia kwa macho." Alikuwa mtoto wa kushika haraka. Walimu wenzangu wote wangenionea wivu.

Desemba hiyo tulikuja kwako. Binamu zake wakajipanga, nawe ukawagusa kwa zamu. Ilipofika zamu yake alisimama wima, akakukazia macho, akanyosha mkono. Mkono wako ulikuwa tayari hewani, juu ya kichwa ambacho hakikushuka. Ulibaki hivyo kidogo. Kisha ukaniuliza kwa upole kabisa, "Mtoto anaumwa na shingo?"

"Hapana, Yeyo," nikasema. "Ni mambo ya kanisa. Tunainamia Mungu tu."

"Hata mimi naenda kanisa," ukasema.

Nilijua unaenda. Nilijua lile kanisa la mabati karibu na kisima, na kwamba wewe ni mmoja wa akina mama waliobeba maji ya kukorogea simiti ya sakafu yake. Uliushusha mkono, ukaupangusa kwenye leso kana kwamba ulikuwa na unga, ukasema chai iko tayari. Tangu siku hiyo, kila tukifika, nilikukuta umeshika fimbo yako kwa mikono yote miwili. Parsaloi alidhani ni uzee. Mimi nilijua ni kwa nini.

Halafu ukaja kukaa nasi ulipokuwa unatibiwa macho. Jumapili nikakupeleka kanisani kwetu, nikakuketisha safu ya mbele karibu na spika ili usikie vizuri. Mchungaji akasema tuinamishe vichwa, tukainama, akaomba, tukasema amina, watu wakaketi. Wewe ulibaki umesimama, kichwa chini, shuka yako nyekundu ikionekana na kanisa zima. Nilidhani unaumwa. Nikakugusa kiwiko, nikakuvuta uketi. Tulipotoka nje ulinishika mkono tukapita katikati ya magari, ukaniuliza, "Pale tuliinamia nani?"

"Mungu, Yeyo."

"Na mbona hakuna mkono ulikuja?"

"Mkono wa Mungu hauonekani."

"Sasa mtu atajua aje ameitikiwa?"

Nilicheka. Nikakwambia utazoea. Na wiki ile ile, katika kikundi chetu cha akina mama, nilisimulia kisa chako. Niliigiza hata jinsi ulivyobaki umesimama. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai, na mimi nikafurahia kuwa mtu wa kuchekesha. Saa hiyo wewe ulikuwa nyumbani kwangu, na macho yako yale mabovu, ukinichagulia mawe kwenye maharagwe. Nimetubu mambo mengi maishani mwangu kwa haraka haraka, lakini lile la chai na maharagwe haliondoki.

Swali lako nalo sikulijibu. Wewe ulikuwa unajua kuinama kwa namna moja, kwamba ni mambo ya watu wawili. Mdogo anatoa kichwa, mkubwa anatoa mkono, na bila mkono salamu haijaisha. Mimi nilikuwa nimeinama kanisani tangu utotoni bila kungoja chochote. Nainama, namaliza, natafuta mkoba wangu. Siku hizi nikiinama pale nasikia baridi utosini, nakaa zaidi kidogo baada ya amina. Jirani yangu wa kiti ashaanza kuniuliza kama nina matatizo nyumbani.

Sasa nikueleze kitu ambacho hata Parsaloi nilimweleza juu juu tu. Kwetu, mama yangu alikuwa anawapigia magoti ndugu za baba akiwanawisha mikono. Mvua ikinyesha, pale mlangoni huwa tope. Kulikuwa na baba mdogo mmoja aliyependa hadithi, na mama akishapiga goti na beseni, yeye ndio anakumbuka hadithi nyingine. Mama anangoja, birika mkononi, goti kwenye tope, mpaka bwana amalize kucheka. Mimi nikiwa msichana mlangoni pa jikoni niliapa kwamba mtoto wangu hatajishusha mbele ya mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke.

Kwa hiyo niliposikia mahubiri yale nilifurahi kupita kiasi. Nilipata mahali pa kuiweka hasira yangu, nikaiita imani. Lakini wewe hukuwa baba mdogo. Wewe hukuwahi kumwacha mtoto ameinama bure. Mkono wako ulikuwa unafika kabla kichwa hakijatulia. Niliwatia kapu moja, na adhabu iliyokuwa yake ukaibeba wewe.

Mwaka jana kanisani walinipa darasa la Jumapili la watoto wakubwa, na somo lilikuwa Musa. Amri zile nilikuwa nazijua bila kufungua kitabu, hasa ile ya kutosujudia sanamu. Kumbe sikuwahi kusoma vizuri kurasa zilizotangulia. Musa anasikia mkwewe anakuja jangwani, anatoka nje kumlaki, anamwinamia, anambusu, wanajuliana hali, wanaingia hemani. Ni Musa yule yule, na mlima bado hajaupanda. Aliyekuwa karibu kupewa amri zile alikuwa ametoka kuinamia mkwewe, na sikuona popote Mungu akimnunia.

Nilikaa pale mezani nikasoma tena na tena. Mkwewe, Yeyo. Hata yule mfalme Sulemani aliondoka kwenye kiti chake akamwinamia mama yake aliyemzaa. Nikaelewa, nimechelewa lakini nikaelewa, kwamba kilichokatazwa ni kumpa kiumbe nafasi ya Mungu. Mtoto anayekupa utosi hakupi nafasi ya Mungu. Anakuomba umtamkie baraka za Mungu huyo huyo. Na sanamu hata uiinamie mwaka mzima haina mkono wa kukuwekea.

Nilimwita Nashipae, ambaye sasa amenizidi urefu, nikamweleza yote haya. Nilidhani atafurahi. Alinisikiliza akiwa amefunga mikono kifuani.

"Mum, si ni wewe ulisema hatuinamii mtu?"

"Nilikosea."

"So sasa nikiinamia Koko itakuwa ya ukweli ama ni juu umeniambia?"

Akaendelea, bila ubaya, "Na by the way, director wa shule yenu akipita unainamanga. Nimekuona. Unapinda hivi, 'Shikamoo sir,' na huyo hata hakuangalii."

Ni kweli, Yeyo. Mwenye shule akipita, mgongo wangu unajipinda wenyewe kabla sijaushauri. Nikipita mbele ya watu kwenye mkutano nainama. Nikipeleka fomu ofisi ya kaunti pale Kajiado, naongea na karani kupitia kale kadirisha nikiwa nimeinama kama ninayechungulia chunguni. Nimewainamia wote wanaoweza kuninyima kitu. Wewe uliyekuwa na la kunipa tu, mbele yako nilisimama wima.

Basi tukaja Rombo. Nashipae alikuwa anakwenda shule ya bweni wiki iliyofuata, na Parsaloi alisema mtoto hawezi kutoka nyumbani safari ndefu namna hiyo bila wewe kumbariki. Njiani kote sikumsemesha mtoto juu ya kuinama. Niliogopa nikisema, atakataa kwa sababu nimesema, na nisiposema, atakataa kwa sababu niliwahi kusema. Nikaomba kimya kimya shingo yake ilegee yenyewe.

Ulitoka nyumbani kwa Naisiae polepole, umekuwa mdogo kuliko nilivyokuacha. Watoto wa Naisiae walikuwa wamerudi kutoka shambani kwenye nyanya, wakajipanga. Ukawagusa. Nashipae alikuwa wa mwisho. Alisimama wima. Niliona anataka na hajui aanzie wapi, halafu mkono ukatoka, mkono ule ule niliomfundisha juu ya stuli.

Hukuushika. Uliiegemeza fimbo ukutani, ukasogea, ukainamisha kichwa chako mbele ya mtoto.

Naisiae alitoa sauti ndogo, akaziba mdomo. Mimi si Mmaasai, lakini hata mimi nilijua kwamba mkubwa hampi mdogo utosi, kwamba umeigeuza dunia juu chini mbele ya wajukuu wako ili mmoja wao asiaibike na mkono wake. Uliwaza, nadhani, kwamba kama kwetu mtoto hainami, basi labda ni zamu ya mzee. Ulikuwa umetutafuta miaka yote kwa mlango mmoja, tukaufunga, ukaamua kujaribu mwingine.

Na ukangoja. Nashipae aliniangalia mimi. Yeyo, hapa Naisiae asiruke: mtoto wangu aliniangalia nimwambie la kufanya, na mimi nikageuza uso nikatazama kreti za nyanya. Ningeweza kusema neno moja tu, "Mguse." Ningeweza kuja mwenyewe nikapiga magoti hapo kwenye mavumbi ili kichwa changu kiwe chini ya chako. Nilitazama nyanya. Ukainua kichwa mwenyewe, ukatabasamu, ukasema chai iko tayari.

Parsaloi aliendesha kutoka Rombo mpaka Emali redio ikiwa imezimwa. Nashipae alilia nyuma ya gari bila sauti. Tulipoingia barabara kubwa ndipo akasema, "Ile ya kukataa ulinifunza. Hii hukunifunza. Ningefanya nini?"

Ameshaenda shule. Aliondoka bila mkono wako kichwani, na ukiugua kesho, au yeye akikawia kurudi, kosa hilo litakuwa langu, na sioni nitalipeleka wapi. Wiki iliyopita alipiga kwa simu ya shule. Dakika zake karibu zote alizitumia kuuliza habari zako. Nikamwambia nafikiria kuja kukuomba msamaha kwa niaba yake. Akanikatiza akikataa, "Mum, zi. Yangu nitaomba mwenyewe nikifunga shule. Wewe omba yako."

Nimetii. Nimeona afadhali nitii mtoto mara moja, baada ya miaka yote hiyo ya kumwamuru.

Nakuja Jumamosi. Nitakuja peke yangu. Parsaloi nimemwomba abaki na nyumba, sitaki mtu wa kunisemea. Mungu naye sitamtanguliza mbele kama ngao, maana nimemtumia hivyo vya kutosha. Jana nilimwuliza mwanao kichwa hushushwa kiasi gani. Alicheka, mara ya kwanza tangu Rombo. Akaniambia tatizo langu si shingo, ni kwamba huwa nasimama mbali. Nisogee tu mpaka mkono wako ufike bila kujinyosha.

Sina hakika kama mwanamke mwenye mvi, mwalimu, mtu mzima na akili zake, anaweza kuja kuanza salamu upya kama mtoto wa miaka mitatu. Sina hakika kama bado inafaa kitu. Ukiona huwezi kuniwekea mkono, Yeyo, usijilazimishe, na usinihurumie kwa sababu watu wanatazama. Nitainuka, nitakusalimia nilivyozoea, nitaingia kumsaidia Naisiae kuchagua nyanya. Lakini kichwa nitakuwa nimekileta.

Mkaza mwanao,
Mama Nashipae